Kila Mstari na Mwenyewe

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Ni chumba kimoja kirefu chenye meza saba, feni inayozunguka kwa manung'uniko, na kiyoyozi ambacho kazi yake pekee iliyothibitika ni kudondosha maji kwenye ndoo. Tunaandika programu za kompyuta. Mteja wetu mkubwa ni idara ya maji ya mji. Maji hayawatoshi watu wote kwa wakati mmoja, na mita za siku hizi hufunguliwa na kompyuta, kwa hiyo mfumo wetu ndio unaoamua bomba la nani lifunguke na la nani lingoje. Mimi ni mpimaji. Wenzangu wanajenga, mimi natafuta palipopinda, na ndiyo maana wananiita Mama Kasoro. Sichukii. Wanaoniita hivyo ndio wanaonipa kazi.

Ili umwelewe Sabuni, uielewe kwanza sheria ya ofisi hii. Msimbo wa programu, yaani yale maandishi ambayo kompyuta huyasoma na kuyatii, hutunza kumbukumbu ya mtu aliyegusa kila mstari mara ya mwisho. Unabofya mstari, jina linatokea pembeni. Zamani mfumo ukizimika, kila mmoja alimnyooshea kidole jirani yake, na jirani akamnyooshea feni. Mkurugenzi wetu, mtu mwenye tumbo la heshima na hasira za ghafla, akachoka. Akabandika karatasi ukutani: KILA MSTARI NA MWENYEWE. Jina linalotokea pembeni ndilo litakalojibu, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuugusa mstari huo mpaka mwenyewe akubali. Alidhani ameleta uwajibikaji. Alicholeta ni woga. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kugusa kitu. Mistari iliyooza iliachwa ioze, na watu wakawa wanapita pembeni, kwa adabu, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Hapo ndipo alipoajiriwa Sabuni, kwa majaribio. Jina hilo alikuja nalo mwenyewe kutoka kwao. Mama yake ni dobi, anafua mashuka ya nyumba ya wageni moja, na kwa mashuka hayo amemlea binti yake na kumsomesha peke yake. Baba alitoka siku moja akasema anarudi sasa hivi, na hiyo sasa hivi bado inaendelea. Msichana alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mkaidi wa macho. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, jambo ambalo kwa desturi silifanyi, maana watu wa majaribio huondoka kabla hujajua wanakunywa chai na sukari ngapi.

Mwezi ule ule ikaja kampuni kubwa ya nje iliyotaka kuununua mfumo wetu kwa ajili ya miji mingine. Walikuwa na sharti moja: msimbo usafishwe maneno yote yanayodhalilisha watu. Mkurugenzi akaapa kwamba msimbo wetu ni safi kama maji yetu. Kisha akaufungua, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mfumo huo uliandikwa na Mzee. Tunamwita Mzee kwa sababu ana miaka arobaini, na katika fani yetu huo ni umri wa kuagwa. Aliuandika kwa Kiswahili ili makarani wa idara ya maji waweze kuusoma, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha ujanani, kabla hajaoa. Kompyuta kubwa inayoamrisha aliiita bwana, zile zinazoiiga akaziita watumwa. Wateja waliofungiwa wako kwenye orodha nyeusi. Kipengele kinachohakikisha hesabu zina akili kinaitwa pima_wazimu. Mteja wa uongo, wa kujaribia, anaitwa mshamba. Na kazi ndogo inayozaliwa na kazi kubwa, ikihitajika kusimamishwa, inasimamishwa kwa amri ya ua_mtoto. Mkurugenzi alisoma hiyo ya mwisho kwa sauti, akaangalia dirishani kana kwamba polisi wako chini wanapanda ngazi.

Ikaundwa Kamati ya Lugha Jumuishi. Ilikaa wiki nzima, ikanywa chai ya mwezi mzima. Mjadala mkubwa kuliko yote ulizuka pale mhasibu, aliyekuwa na usingizi, aliposema, "Jamani, si tufunike kombe mwanaharamu apite?" Vikombe vikatua mezani. Katibu akamkumbusha kwamba neno hilo ndilo hasa tunalopigana nalo. Mhasibu akajitetea kwamba ni methali. Wakabishana mpaka adhuhuri kama methali nazo ni msimbo. Mwishowe ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwamba kombe lifunikwe, mtoto apite, na kamati haina haja ya kujua habari za wazazi wake.

Maneno mapya yakapatikana. Likabaki swali dogo: nani atayaingiza? Wote wakaikumbuka karatasi ya ukutani. Ukibadilisha neno, umeugusa mstari, na ukiugusa mstari, ni wako. Macho yakatua kwa Sabuni, ambaye alikuwa ameingia kurekebisha waya wa projekta.

"Binti huyu anafaa sana," alisema Mzee kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao. "Damu changa."

Tulipobaki wawili nikamfokea. "Umekubali mzigo huu wa nini? Kompyuta haina masikio, hata ukiitukana haikasiriki."

"Anayekaa mbele yake anayo, dada," akanijibu. "Mimi ndiye nitakayeusoma huu msimbo kila siku. Sitaki kila asubuhi niamkie bwana na watumwa, halafu kabla ya chai niue watoto."

Nikamtafutia kosa la kuandika nimwonyeshe, ili niwe nimesema kitu.

Akaanza kazi, na aliifanya kwa moyo. Bwana akawa kiongozi, watumwa wakawa wafuasi, mshamba akawa mteja_jaribio. Hakuna aliyemjali, mpaka siku Mtanashati alipopiga yowe. Mtanashati ni kijana wetu mwenye viatu vinavyong'aa kuliko kazi yake. Alikuwa na sehemu moja ya msimbo aliyoiandika vibaya mno, ya ankara, ambayo kila mwisho wa mwezi ilimletea aibu. Siku hiyo aliibofya, na jina lake halikuwepo. Kila mstari ulisema Sabuni.

Alikaa akitazama kile kioo kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba vipimo vilikuwa vya mgonjwa mwingine. Kisha akaenda kumnunulia Sabuni soda.

Kufikia jioni ofisi nzima ilikuwa imeelewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Watu ambao mwanzo walikuwa wakiibeza lugha jumuishi sasa walishikwa na uchungu wa haki za binadamu usio na mfano. Walipanga foleni mezani kwa Sabuni. "Dada, hapa kwangu kuna neno linaniumiza sana." "Mdogo wangu, faili hili zima lina harufu ya dharau, lipitie tu lote." Mtanashati aliona sehemu yake nyingine mbovu haina hata neno moja baya, akalitafuta neno la matusi, akalipachika mwenyewe kila mstari, kisha akaja kulishtakia huku sauti ikimtetemeka. Mzee, aliyekuwa amesema haya yote ni upuuzi wa watu waliokosa kazi, akageuka mtume wa harakati. Alikuwa na mifupa mingi kuliko wote ya kuzika.

Nilimwonya. "Sabuni, hawakupendi hawa, wanakutupia takataka."

"Najua," akasema. "Lakini maneno si yanasafishika kweli?"

Yalisafishika. Hilo siwezi kulikana. Hata mimi, nilipokuwa nikiupima mfumo, nilianza kuusoma bila kukunja uso.

Mstari mmoja ndio uliomkwaza. Uliitwa nyumba_haina_mwenyewe, na chini yake kulikuwa na kanuni ya namna ya kugawa maji. Kamati ilisema jina hilo linadhalilisha kaya, na baada ya vikao viwili vya jasho ikaja na jina jipya: kaya_yenye_subira. Walipolipata walipiga makofi. Mkurugenzi alisema lina hekima ndani yake, kwa kuwa subira huvuta heri.

Sabuni akamwendea Mzee. "Mzee wangu, hii kanuni yenyewe inafanya nini hasa?"

"Umetumwa kubadilisha neno," alisema Mzee bila kuinua kichwa. "Mengine hayakuhusu. Mfumo unaofanya kazi haushikwi."

Akalibadilisha neno, akaendelea. Kampuni ya nje ikausoma msimbo, ikaridhika, ikatuma pongezi. Mkurugenzi akapiga picha na keki. Sabuni alisimama pembeni ya picha, nusu bega.

Haikupita muda kiangazi kikakaza, na Sabuni akaanza kupokea simu za mama yake mchana. Bomba la nyumbani lilikuwa kavu. Mama alikuwa anabeba maji kwa madumu kutoka mtaa wa pili, na mashuka ya nyumba ya wageni hayafuliwi kwa madumu mawili. Msimamizi wa nyumba hiyo alikuwa amemwambia wazi: akichelewesha tena, kazi inahamia kwa wenye mashine. Na mama hakuwa na kazi nyingine, wala binti hakuwa amethibitishwa kazini. Pale palikuwa na chakula chao, kodi yao na dawa za presha za mama, vyote vikining'inia kwenye kamba moja ya kuanikia.

"Njoo unipimie mita, dada," aliniomba. "Huenda ni mbovu."

Tukaenda mchana wa Jumamosi. Uani kulikuwa na kamba tatu, zote tupu, na mabeseni yamepinduliwa. Mita ilikuwa nzima kabisa. Ng'ambo ya ukuta, jirani, askari mstaafu, alikuwa anaosha gari kwa mpira huku akiimba.

"Huyo maji yake hayakatiki," mama alisema. "Labda ana mtu wake huko idarani."

Hakuwa na mtu idarani. Alikuwa na kitu kingine. Sabuni alifungua kompyuta yake juu ya beseni, akaitafuta nyumba ya mama yake, na mimi nikasoma begani kwake. Palipotakiwa jina la mwenye nyumba, fomu ya idara ilikubali jina la mume tu, na mama, ambaye si mwongo, alipaacha wazi. Mzee naye, zamani zile, aliambiwa nyumba tupu zipewe maji mwisho, akaona njia rahisi ya kuzitambua: pasipo na jina, hapana mtu. Kwa hiyo miaka yote hii, kila mwanamke anayeishi bila mume alikuwa, mbele ya kompyuta yetu, nyumba tupu. Mvua zikiwepo, zamu ya mwisho hufika. Kiangazi haifiki kamwe. Na pale pembeni, kwa herufi zetu safi, pameandikwa kaya yenye subira.

Akaubofya mstari. Jina lililotokea ni lake.

Sijawahi kumwona mtu akijitazama hivyo. Hakulia. Aliifunga kompyuta taratibu, akaenda kumtwika mama yake dumu.

Jumatatu Mtanashati, kwa nia njema kabisa, alileta suluhisho. "Mwandikisheni mjomba! Weka jina la mwanamume yeyote, maji yatoke."

"Na wengine?" Sabuni aliuliza. "Wako mamia."

Wale wengine hawakungoja. Siku ya pili yake wanawake walijaa kwenye ngazi za idara ya maji na ndoo tupu, wakizigonga. Mkuu wa idara alipiga simu, na Mkurugenzi akatuita wote mezani, akaiweka simu katikati ili ipige kelele kwa usawa. Msimbo ukaonyeshwa ukutani.

"Karani wangu kanisomea hapa, eti kaya yenye subira!" sauti ya mkuu wa idara ilitoka simuni. "Nina wanawake mia hapa nje hawana subira hata kijiko! Nani kaandika upuuzi huu?"

Mkurugenzi akabofya. Jina la Sabuni likatokea ukutani, kubwa kama bango la duka la magodoro. Watu wote wakapata shughuli. Mtanashati akakagua kamba za viatu. Mzee akaanza kuchunguza dari, pengine akitafuta nyufa.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mkurugenzi. "Binti," alisema, "sote tunajua wewe ulibadilisha neno tu. Sema hivyo. Mstari tunaurudisha kwa mwenyewe wa kwanza, tunaunda kamati, inaichunguza kanuni."

"Baada ya mkataba wa nje kusainiwa," Mzee aliiambia dari. "Mwakani hivi. Mfumo unaofanya kazi..."

"Unafanya kazi wapi?" nilipayuka. Mkurugenzi akanitazama, nikamgusa Sabuni kwa mguu chini ya meza. Sema, nilimwambia kwa mguu. Sema si wako, uokoke.

Akamgeukia Mkurugenzi. "Nikisema si wangu, nitakuwa na ruhusa ya kuugusa?"

"Hapana. Utakuwa wa Mzee."

"Na nikisema ni wangu?"

"Ukisema ni wako, ni wako. Lakini wewe ndiye utakayejibu kwa yote, na uko kwenye majaribio, na kanuni haibadilishwi bila kibali. Fikiri, mwanangu."

"Basi ni wangu," alisema Sabuni.

Akaivuta kompyuta, akaifuta ile kanuni pale pale ukutani, tukiona. Aliandika mistari michache mahali pake: maji yafuate mita, si jina. Akaniuliza, "Mama Kasoro, iko sawa?" Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Nikaisoma, nikaipima kwa nyumba tatu, nikasema iko sawa. Akabonyeza kuipeleka. Mkurugenzi bado alikuwa anahangaika kutoka kwenye kiti.

Simuni tukasikia mkuu wa idara akisema, "Haloo? Haloo? Mmefanya nini? Mbona wengine wanapigiwa simu na watoto wao, wanaondoka?"

Sabuni alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Taarifa kwa kampuni ya nje ilisema mhusika wa kanuni ya kibaguzi ametambuliwa na kuchukuliwa hatua, na kampuni ya nje ikatusifu kwa uwazi wetu, na zaidi ya yote ikaisifu ile karatasi ya ukutani, ikaomba nakala. Kwa hiyo sasa haiwezi kubanduliwa. Na kesho yake asubuhi, Mzee alipotaka kurekebisha kitu kidogo kwenye ankara, ndipo tulipogundua kwamba katika mfumo mzima hapakuwa na mstari ambao mtu yeyote kati yetu alikuwa na ruhusa ya kuugusa. Mistari yote ilikuwa ya msichana tuliyemfukuza. Nilicheka mpaka nikatolewa nje, na nje nikaendelea.

Jioni hiyo nilimpelekea Sabuni kikombe chake na ndala zake. Nilisikia maji kabla sijafika mlangoni. Kamba zote tatu zilikuwa zimejaa mashuka meupe, na mama alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, povu mpaka viwikoni, anaongea peke yake kwa furaha. Binti alikuwa amemwambia yuko likizo. Simu ilikuwa juu ya kigoda, inaita, jina la Mzee linawaka. Hakuna aliyeipokea, mikono yote ilikuwa imelowa.

"Karibu, mwanangu, karibu," mama aliniambia. "Umeona maji? Umeona? Huyo aliyetufungulia, Mungu ampe kila anachokitaka duniani. Na yule mshenzi aliyetufungia, popote alipo, asipate hata tone la kunawia uso!"

Sabuni alikuwa ameshika shuka. Akaacha.

"Mama, ni mtu mmoja."

"Nani?"

"Mimi. Jina lililoandikwa pale ni langu. La kufungia, na la kufungulia. Na likizo si likizo, wamenifukuza."

Mama alimtazama. Akanitazama mimi, nami nikaitikia kwa kichwa. Maji yakaendelea kumwagika kwenye beseni, yakafika ukingoni, yakaanza kupita, na yule mwanamke ambaye kiangazi kizima alikuwa akiyapima kwa kikombe hakunyoosha mkono kuyafunga. Kisha akajipangusa povu, akainuka na shuka lililolowa, akamnyooshea binti yake ncha ya pili.

"Mungu ana shughuli nyingi," alisema. "Dua ile ya pili hajaisikia bado. Shika pembe hiyo, tukamue."